Deni la Thomas Crown

Jioni ya tarehe 17 Januari 1950, katika eneo la North End jijini Boston, wanaume saba waliovaa vinyago na kofia za madereva waliingia katika jengo la Brink's, kampuni iliyosafirisha na kutunza fedha za wateja wake. Funguo walikuwa nazo. Walikuwa wamezichonga kwa siri baada ya kunyemelea jengo hilo mara nyingi usiku. Waliwafunga kamba wafanyakazi watano waliokuwa zamu, wakabeba zaidi ya dola milioni 1.2 taslimu pamoja na hundi na hati nyingine zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 1.5, wakatokomea. Hadi siku ile Marekani haikuwa imeshuhudia uporaji mkubwa kuliko huo.

Kundi zima lilikuwa la watu kumi na mmoja. Sheria ya jimbo la Massachusetts iliweka ukomo wa miaka sita wa kufungua mashtaka, nao walipanga kuvumilia mpaka ukomo huo upite. Kilichowaponza kilikuwa kufahamiana kwao. Mmoja wao, Joseph O'Keefe, alifungwa kwa kosa jingine, akaamini kwamba wenzake walikuwa wakila fungu lake. Akaanza kuwabana. Mwaka 1954 muuaji wa kukodiwa alimpiga risasi, akapona. Tarehe 6 Januari 1956, siku kumi na moja kabla ya muda wa sheria kwisha, O'Keefe aliamua kusema yote. Watu wanane walihukumiwa kifungo cha maisha. Siku za mwizi ni arobaini, na za hawa zilikuwa zimebaki chache mno.

Boston nzima ilikijua kisa hicho. Miaka kumi hivi baadaye wakili mmoja wa jiji hilohilo, Alan Trustman, ambaye hakuwa amewahi kuandika filamu, aliketi kuandika mswada wa filamu kuhusu wizi wa benki. Ukiuweka mswada huo kando ya kisa cha Brink's, utaona kwamba kila mwanya uliowaangusha watu wa 1950 umezibwa. Wezi ni watano, lakini hawajuani. Wanakutana kwa mara ya kwanza ndani ya benki, dakika ileile ya kazi, kisha kila mmoja anashika njia yake. Aliyewaajiri hawajamwona uso, kwani siku ya usaili aliketi nyuma ya taa kali zilizowapofusha. Fedha zinatupwa ndani ya pipa la taka makaburini, naye anazifuata mwenyewe. Zaidi ya yote, mtu huyo hana njaa. Ni milionea kijana mwenye kampuni, jumba la kifahari katika kilima cha Beacon Hill na gari la Rolls-Royce. Anaiba kwa sababu amechoka kushinda michezo yote mingine.

Mtu huyo ndiye Thomas Crown. Kisa chake kimepigwa picha mara mbili, mwaka 1968 na mwaka 1999, kwa jina lilelile la The Thomas Crown Affair. Watu wengi huzilinganisha filamu hizi kwa kuuliza yupi alipendeza zaidi katika suti, Steve McQueen au Pierce Brosnan. Mimi naona swali zito zaidi ni la deni: mwizi anapokwenda zake huru, nani anabaki akilipa? Filamu hizi mbili zinajibu tofauti kabisa, na majibu yao yanaeleza mengi kuhusu nyakati zilizozizaa.

Ili kuelewa ujasiri wa filamu ya kwanza, inafaa kukumbuka sheria iliyokuwa imeitawala Hollywood kwa zaidi ya miaka thelathini. Tangu 1934 studio kubwa zilitii Kanuni ya Utayarishaji, orodha ndefu ya yaliyoruhusiwa na yaliyokatazwa. Moja ya nguzo zake ilikuwa kwamba mhalifu asiachwe akafaidi uhalifu wake. Kwa hiyo filamu za wizi za miaka hiyo zinafanana mwishoni hata kama mwanzoni zinatofautiana. Katika The Asphalt Jungle ya 1950 kundi linasambaratika kwa vifo na pingu. Katika The Killing ya 1956 sanduku linafunguka uwanja wa ndege, na noti zinapeperushwa na upepo wa mapanga ya ndege. Katika Ocean's 11 ya 1960 fedha zinateketea ndani ya jeneza pamoja na maiti. Mtazamaji aliruhusiwa kufurahia mpango, lakini alijua kwamba lazima hesabu isomwe kabla taa hazijawashwa.

Kufikia katikati ya miaka ya 1960 kanuni hiyo ilikuwa imechakaa. Tarehe 1 Novemba 1968 iliondolewa rasmi, na mahali pake ukawekwa mfumo wa kuzipanga filamu kwa umri wa watazamaji. The Thomas Crown Affair ilitoka Juni mwaka huohuo, sheria ya zamani ikiwa hoi na mpya haijazaliwa. Katika upenyo huo mwizi wa Boston alipita bila pingu.

Aliyempitisha alikuwa mwongozaji Norman Jewison, Mkanada wa Toronto. Alikuwa ametoka kutengeneza In the Heat of the Night, kisa cha mpelelezi Mweusi katika mji mdogo wa Kusini uliojaa ubaguzi. Filamu hiyo ilipata Tuzo ya Oscar ya filamu bora mwezi Aprili 1968, katika sherehe iliyosogezwa mbele siku mbili kwa sababu ya mauaji ya Martin Luther King. Jewison alikuja na watu walewale waliomsaidia huko: mpiga picha mkuu Haskell Wexler, na mhariri Hal Ashby ambaye baadaye angekuwa mwongozaji mashuhuri yeye mwenyewe.

Baada ya filamu iliyobeba jambo zito kiasi hicho, hii ya Crown ilikuwa ya mtindo, na hakuna aliyeficha hilo. Mwaka 1967, katika maonyesho makubwa ya dunia huko Montreal, banda la jimbo la Ontario lilionyesha filamu fupi ya Christopher Chapman iliyoitwa A Place to Stand. Chapman aliigawa skrini moja katika vipande vingi vilivyosogea, kukua na kusinyaa, hata akaweza kubana picha za saa moja na nusu katika dakika zipatazo kumi na nane. Jewison alivutiwa. Pamoja na msanifu Pablo Ferro aliichukua mbinu hiyo akaipa kazi ambayo ilikuwa kana kwamba imeumbwa kwa ajili yake. Wezi watano wasiojuana wanatoka pembe tano za jiji, na macho yetu yanawaona wote kwa mpigo mmoja, kila mtu katika chumba chake cha skrini. Umbo la picha linasema kile ambacho mazungumzo hayakuhitaji kusema: kwamba wako pamoja, na kwamba kila mmoja yuko peke yake. Mmoja wa wezi hao ni Yaphet Kotto akiwa bado kijana. Watazamaji wa Afrika Mashariki huenda wanamkumbuka zaidi kwa kumwigiza Idi Amin katika filamu ya televisheni ya 1977 kuhusu uvamizi wa Entebbe.

Uteuzi wa McQueen ulikuwa wa kushangaza. Umma ulimjua kama mtu wa pikipiki, askari mfungwa asiyezuilika wa The Great Escape, mtu wa maneno machache na mikono yenye mafuta ya injini. Ilimbidi amshawishi Jewison kwamba anaweza kuvaa suti za vipande vitatu na kucheza polo. Ushindi wake ulitokana na kwamba hakuificha ile njaa ya zamani. Crown wake anacheka peke yake sebuleni baada ya wizi kufanikiwa, na kicheko hicho kina upweke ndani yake. Tunamwona akirusha ndege isiyo na injini angani, akizunguka bila mahali pa kwenda, huku Noel Harrison akiimba The Windmills of Your Mind, wimbo wa Michel Legrand uliotunziwa maneno na Alan na Marilyn Bergman. Wimbo huo ulipata Oscar mwaka uliofuata.

Kisha anaingia Vicki Anderson, mpelelezi anayefanya kazi kwa niaba ya kampuni ya bima. Faye Dunaway alikuwa na miaka 27, na Bonnie and Clyde ilikuwa imemfanya nyota mwaka mmoja kabla. Vicki hanyatii. Anamwangalia mshukiwa wake usoni na kumwambia kwamba anamwinda. Malipo yake yanategemea fedha zitakazopatikana, na haoni aibu kuhusu njia atakayotumia kuzipata. Mpelelezi wa polisi, Eddy Malone, anayechezwa na Paul Burke, anamtazama akivuka mipaka mmoja baada ya mwingine na kubaki ameduwaa.

Kilele cha mapenzi yao ni mchezo wa sataranji. Kwa dakika kadhaa hakuna anayesema neno. Kuna vidole juu ya kete, macho yanayoinuka na kushuka, moto wa mekoni, na muziki wa Legrand unaojisogeza taratibu. Vicki anashinda, na Crown aliyezoea kushinda anasimama na kupendekeza mchezo mwingine. Legrand alisimulia kwamba alitunga muziki wa filamu hii kwa kukumbuka tu picha alizoonyeshwa, kisha wahariri wakazikata picha ziufuate. Katika tukio hili mtu anaweza kuamini: kila mkato unaangukia mahali pake kama hatua ya densi.

Baada ya hapo ndipo filamu inapotufikisha kwenye hesabu yake. Crown anapanga kuiba mara ya pili, kwa makusudi, na kumwambia Vicki kila kitu. Huo ni mtihani. Vicki anakwenda makaburini akiwa na polisi, akisubiri kumwona ama akikamatwa ama akimchagua. Rolls-Royce inafika, lakini anayeshuka ni mjumbe tu, mkononi ana telegramu. Ujumbe ni kwamba azilete fedha na amfuate, au abaki na gari. Vicki anaichanachana karatasi huku analia. Crown yuko ndani ya ndege, mbali na mkono wa sheria.

Kanuni ya zamani ingedai Crown alipe. Jewison alimwacha aende, lakini hakulifuta deni, alilihamisha. Aliyelipa ni Vicki. Ndiye aliyefanya kazi aliyotumwa, akaifanya kwa ustadi, na akapoteza alichokipenda kwa sababu aliifanya. Crown naye hakutoka bure, kwani alijithibitishia kile alichokuwa akikihofu tangu mwanzo, kwamba hakuna mtu wa kumwamini. Mwaka 1968 Hollywood iliweza hatimaye kumwachia mhalifu mali, lakini ilikuwa bado inaamini kwamba uhuru wa namna hiyo hauwezi kuambatana na furaha.

Miaka thelathini na moja ilipita. McQueen alifariki mwaka 1980 akiwa na miaka hamsini tu. Na Boston ilipata wizi mwingine wa kihistoria, safari hii bila O'Keefe wa kusema. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Machi 1990, wanaume wawili waliovaa sare za polisi waligonga mlango wa makumbusho ya Isabella Stewart Gardner, wakawafunga walinzi wawili, wakakaa ndani kwa dakika 81. Walitoka na kazi kumi na tatu za sanaa, ikiwemo The Concert ya Vermeer na The Storm on the Sea of Galilee ya Rembrandt, iliyokatwa kwa kisu kutoka katika fremu yake. Hakuna hata moja iliyorudi, ingawa zawadi ya dola milioni 10 imeahidiwa. Fremu tupu zimeachwa zikining'inia ukutani.

Filamu ya pili ilipotoka Agosti 1999, wizi wake ulikuwa wa mchoro. Ilisukumwa na Pierce Brosnan kupitia kampuni yake ya Irish DreamTime, wakati akiwa katikati ya miaka yake ya kuwa James Bond. Mwongozaji alikuwa John McTiernan, bingwa wa Predator na Die Hard, mtu anayejua kupanga nafasi ndani ya jengo ili mtazamaji asipotee hata risasi zikirindima. Mswada mpya uliandikwa na Leslie Dixon na Kurt Wimmer. Kisa kilihamishwa kutoka Boston kwenda New York, na kutoka benki kwenda makumbusho ya Metropolitan. Makumbusho hayo hayakukubali kupigiwa filamu ndani yake, kwa hiyo kumbi zake zilijengwa upya studio.

Crown wa sasa anaiba San Giorgio Maggiore machweoni, mchoro wa Claude Monet. Kundi la wezi linaingia limejificha ndani ya shehena iliyoletwa makumbusho, mbinu ya farasi wa Troia, lakini hao ni chambo tu. Wakati walinzi wanahangaika nao, joto lililopandishwa ukumbini linaipofusha kamera inayosoma miili ya watu, na bwana tajiri anayejulikana na kila mlinzi anatoka na Monet ndani ya mkoba wake. Kwa ubunifu wa mpango filamu ya pili inaishinda ya kwanza waziwazi, na McTiernan anatuonyesha kila hatua kwa uwazi wa fundi.

Mchoro wenyewe upo, na historia yake ni somo ndani ya kisa. Monet alikwenda Venice mwaka 1908 pamoja na mkewe Alice. Alice alifariki 1911, na picha za safari ile zilionyeshwa Paris mwaka 1912. Hii ya machweo ilinunuliwa na Gwendoline Davies wa Wales, mjukuu wa tajiri wa makaa ya mawe na reli, ambaye aliiacha kwa wasia iwe mali ya umma. Leo iko katika makumbusho ya taifa jijini Cardiff. Ndani ya filamu, tajiri anaitwaa picha kutoka kwa umma ili aburudike. Nje ya filamu, mrithi wa utajiri mkubwa kuliko wa kawaida aliitoa ili mtoto wa mchimba makaa aweze kuitazama.

Mpinzani wa Crown safari hii ni Catherine Banning, naye wa bima, anayechezwa na Rene Russo. Hapa ndipo filamu mpya inapostahili heshima ya kweli. Russo alikuwa na miaka 45, Brosnan 46. Hollywood ilikuwa imezoea kuwaoza wanaume wa umri huo kwa wanawake walio sawa na binti zao, na wanawake wa umri wa Russo iliwapa nafasi za mama na shangazi. Catherine ana mwili, hasira, hamu na historia. Anapogundua kwamba amempenda mtu ambaye huenda anamchezea, maumivu yake ni ya mtu mzima anayejua kwamba nafasi kama hii haitarudi mara nyingi. Vicki alikuwa fumbo lililovishwa mavazi mazuri. Catherine ni mtu unayeweza kumsikia akifikiri.

Dunaway naye yumo, katika nafasi ya daktari wa akili wa Crown. Kutoka katika kiti chake anamwambia mgonjwa wake waziwazi kwamba tatizo lake ni kuamini. Kwa tendo hilo moja filamu ya pili inatuambia jinsi inavyotofautiana na ya kwanza. Yale ambayo McQueen alituachia tuyasome katika kicheko cha upweke na ndege inayozunguka angani, sasa yanasemwa kwa maneno. Hata mchezo wa sataranji umeondolewa, na badala yake kuna dansi kali katika sherehe. Mapenzi yamepata sauti, lakini kimya kile cha 1968 hakikupata mrithi.

Mwisho wa filamu ya 1999 ni wa kusisimua. Crown anaahidi kumrudisha Monet mbele ya polisi. Anaingia makumbusho akiwa amevaa kofia nyeusi ya mviringo kama mtu wa mchoro wa Magritte, na ghafla ukumbi unajaa wanaume wa kofia na mikoba ileile, huku sauti ya Nina Simone ikiimba Sinnerman. Mabomba ya kuzimia moto yanafunguka, maji yanaosha rangi za mchoro ambao Crown mwenyewe aliuazima makumbusho, na chini yake anatokea Monet. Alikuwa amekwisha kurudi siku nyingi. Catherine, ambaye kama Vicki aliwaeleza polisi, anapanda ndege akilia, na kutoka kiti cha nyuma mkono unampa leso. Ni Crown.

Hapa hakuna anayelipa, na filamu imejitahidi kuhakikisha hivyo. Mpelelezi wa polisi, McCann, anayechezwa na Denis Leary, anamwambia Catherine kwamba siku chache kabla ya kesi hii alikuwa akimshughulikia mtu aliyewapiga watoto wake hadi kuwaua. Vipande vya rangi vinavyowahusu matajiri wachache havimnyimi usingizi. Maneno hayo ni ya huruma, na yanasemwa na mtu mwema. Lakini ndiyo yanayofuta deni lote. Ikiwa kilichoibwa hakina thamani kwa yeyote, na isitoshe kimerudishwa, basi hakukuwa na wizi, kulikuwa na uchumba.

Siwezi kukubaliana na McCann. Mtu anayesimama mbele ya fremu tupu za Boston anajua kwamba kuna hasara isiyowahusu matajiri tu: kizazi kizima kimekua bila kuiona bahari ya Rembrandt. Na mgeni anayeingia makumbusho ya Cardiff bila kuwa na dola milioni mia anajua kwamba picha ile ni yake pia. Filamu ya 1999 ilitolewa katika miaka ya mafanikio makubwa ya soko la hisa, wakati utajiri ulionekana kuwa hauna mwathirika, na inabeba imani hiyo kwa uzuri unaolevya.

Kwa hiyo nikiulizwa ipi ni bora, natoa hukumu mbili. Kwa mapenzi ya watu wazima, nachagua ya pili, na naamini hakuna sababu ya kuona haya kwa kuipenda. Kwa ukweli kuhusu tendo lenyewe, nachagua ya kwanza, kwa kuwa ilimwacha mwizi huru bila kutudanganya kwamba uhuru wake ulikuwa wa bure. Alama ya gharama hiyo ni machozi ya Vicki makaburini, na hakuna leso iliyoletwa kuyafuta.

Toleo la tatu limetangazwa, Michael B. Jordan akiwa mwongozaji na nyota wake. Atakuwa na mtindo, magari na muziki, na kwa hayo sina wasiwasi naye. Kazi ngumu itakuwa kuamua anachoiba Crown wa zama hizi, anamwibia nani, na kama filamu itakuwa na ujasiri wa kumtazama huyo aliyeibiwa. Filamu mbili zilizotangulia zilimtazama mwizi na mwanamke aliyemwinda. Aliyeibiwa bado hajapewa tukio hata moja la kwake.